Uzi Mnene wa Bakari Besi

Bado nakataa. Wiki ya tatu hii, na simu ikilia tu najua ni Bakari anataka kunitukana.

Nyie vijana mnaonifuata humu kwa ajili ya vichekesho vyangu, leo mtanisamehe. Nimefiwa. Bakari Besi wa Nachingwea, mpiga gitaa zito, rafiki yangu tangu wote wawili tuna nywele. Mimi mnanijua, fundi cherehani wa sokoni Ruangwa, shule niliishia darasa la nne. Herufi zikipinda, zinyoosheni wenyewe.

Yeye Myao, mimi Mmwera. Watani. Na kazi ya mtani msibani inajulikana: wenzako wanalia, wewe unamsema marehemu, unashuka kaburini kupima kama patamtosha. Siku ile nilisimama kama nguzo ya umeme. Mkewe, Mama Zuhura, akanifuata uani, macho yamevimba: "Shemeji, mbona leo humtukani?"

Basi namtukana hapa.

Bakari, ulikuwa mfupi. Tuanzie hapo. Enzi za bendi ukipanda jukwaani na lile besi lako, watu wa nyuma waliona gitaa linatembea lenyewe.

Halafu bega likaharibika, gitaa likakushinda kubeba. Ukakaa mwaka mzima bila kupiga. Hata matusi yako yalikosa chumvi, nikawa naona aibu kukujibu.

Binti yako Zuhura ndiye aliyekufufua. Alikuja likizo kutoka Dar na ukulele ya besi, kigitaa cha kupakata kama mtoto mchanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Hatimaye wamekutengenezea saizi yako." Ulikichomeka kwenye spika, ukagusa uzi mmoja, vikombe vya Mama Zuhura vikatembea mezani.

Nyuzi zake si chuma. Ni za mpira, nene, zinavutika. Nikakuuliza, "Umefunga minyoo kwenye boksi?" Ukasema, "Ya tumboni kwako hii, ndiyo maana imenona."

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Wengi mmeisikia kwa mdomo wa Bakari, na Bakari alikuwa anaongeza.

Harusi ya Nkowe. Saundi cheki imekwisha, Bakari kaenda kuswali adhuhuri, kaniachia ukulele niilinde. Nikaona pale kichwani, kwenye ufunguo wa kukazia, uzi mnene umebaki na mkia unaning'inia. Jamani, mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini, uzi ukining'inia naukata. Nilitoa mkasi mfukoni, nikaukata palepale kwenye shina, safi kabisa, nikafurahi.

Uzi wa mpira ukikatwa hivyo unateleza. Ulifyatuka ukalala kama mjusi aliyekufa, na haukufika tena kwenye ufunguo.

Bakari alirudi, akatazama ukulele, akatazama mkasi. Nilingoja anipige. Alichukua maiki, akawatangazia maharusi: "Ndugu zangu, leo tutapiga na nyuzi tatu. Mmwera amekitahiri kigitaa changu."

Watu walikufa kwa kicheko. Yeye alipiga harusi nzima akikwepa pale uzi ulipokuwa, na mimi niliyemjua niliona kidole chake kinaenda, kinakuta hewa, kinarudi.

Uzi wa namna ile huku kwetu haupo. Zuhura aliutafuta huko Dar, tukangoja. Mikorosho ikatoa maua, korosho zikaokotwa, bado tunangoja. Bakari hakunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma, heri angenilaumu.

Uzi ulipofika alipanda bodaboda na ukulele mgongoni mpaka kibandani kwangu. Tulifunga pamoja. Yeye akapiga fundo nyuma, akaupitisha kwenye tundu, akaniambia, "Vuta kwanza, mpaka ukatae. Usipouvuta utanisumbua kwenye ufunguo." Nikavuta, yeye akakaza. Mkia ulipobaki alinitazama. Nikaweka mikono nyuma.

Uzi mpya wa mpira hautulii. Unaukaza asubuhi, mchana umeshuka. Akasema, "Adhabu yako hii. Kaa nayo. Kila asubuhi uurudishe juu mpaka uzoee, ndipo unipigie nije nipige." Nikamwambia mimi najua vitenge, sauti siijui. Alipofika Nachingwea akanitumia voisi kwenye simu. Mguno mmoja mrefu, mzito, "duuuum", halafu: "Ufanane na huo, Mmwera. Na mkasi uufungie kabatini."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa kifua kikambana, hakufika hata hospitali.

Kwa hiyo hakuupiga ule uzi. Mimi niliukata, akangoja, ukaja, akafa kabla haujazoea.

Nilitaka kuirudisha ukulele siku ya matanga. Mama Zuhura akakataa. "Alikuachia kazi, shemeji. Imalize."

Basi kila asubuhi nafungua kibanda, naweka voisi, naguna naye, nageuza ufunguo. Wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Kila siku uzi umeshuka, kila siku naurudisha. Bakari, nikuambie kweli, nilikuwa nauombea usizoee.

Leo nimeweka sauti yako. Nimegusa uzi. Sauti zimekuwa kitu kimoja, sikuugeuza ufunguo hata kidogo.

Uzi umezoea, mtani. Mimi bado.

Jioni naipeleka ukulele Nachingwea kwa Mama Zuhura. Mkia unaning'inia, sijaugusa.

Lala, kafupi kangu. Lala salama, pale nafasi imebaki, nilikupimia kwa macho.