Jina Chini ya Wimbo wa Papa

Mimi ni muntu wa nyumbani. Kutoka kwetu Kamembe hadi Giheke, hapo jirani tu, naona ni safari ya kuagana na ndugu. Kwa hiyo majirani waliponiona nimevaa viatu asubuhi, walijua kuna kilichoharibika.

Kamati ya sherehe ya bendi kule Giheke ilikuwa imechapa programu. Chini ya wimbo wa gwaride alioutunga Papa yangu, baba aliyenizaa, kiongozi wa bendi ya jeshi tangu ujana hadi pensheni, wameandika mtunzi ni mpiga tromboni wake, ambaye ni marehemu. Na Papa alikuwa na ombi moja tu: asikie jina lake likisomwa mbele ya watu kabla masikio hayajaziba kabisa.

Kosa nililijua. Katika bendi ile kila mpigaji alinakili sehemu yake kwa mkono, akatia jina lake chini karatasi isiibwe. Papa hakuwa na karatasi. "Kiongozi anayesoma ni karani," alijigamba. Tazama sasa! Imebaki karatasi moja, ya tromboni.

Katibu wa kamati akanionyesha karatasi hiyo. "Maman, jina si ni hili?"

"Soma huku juu, bwana katibu. Hesabu kumi na sita za kunyamaza! Mtunzi gani huyo, wenzake wanaanza wimbo wake, yeye amesimama anaangalia mawingu?"

"Labda alikuwa mnyenyekevu."

Mnyenyekevu! Papa alikuwa anazijaribu sehemu zote nyumbani, na mimi, mtoto asiyetoka nje, ndiye niliyeshikwa kuziimba. Nikamwimbia katibu klarineti, nikamwimbia tuba kwa sauti yangu ya mbuzi, ngoma nikazipiga mezani mpaka chai ikamwagika.

"Basi, maman, basi! Lakini programu zimeshachapwa. Bic ya kuandikia unayo?"

Wakosee wao, nifute mimi! Nilisahihisha zote kwa mkono, nikinung'unika, hadi saa nane mchana.

Siku ya sherehe mtangazaji akaisoma moja ya zile programu nilizosahihisha. Jina la Papa likatoka kwenye mikrofoni. Mzee akanipiga kiwiko.

"Ni nani ule banataja?"

"Ni wewe, Papa."

"Kwa kasauti kadogo vile?" Akasimama kabisa, uso umekunjamana kwa hasira. "Arudilie! Jeshini tungemufunga!"