Base Peke Yake

Nilikuwa dereva wa lori, na barabara bado inaniita. Mke wangu alikubali ninunue usukani wa mbio za kompyuta, ule unaozungushwa na mota moja kwa moja, mradi nisiondoke nyumbani tena.

Muuzaji wa Kitengela alinionya kwa simu: “Mzee, hiyo ya bei rahisi ni base peke yake.”

Base kwetu ni kijiwe cha vijana. Nikamjibu, “Hata base nitakuja!” Akacheka, tukakutana huko, nikamlipa na kubeba sanduku.

Nilimwita baba mkwe kutoka Mashuuru aone nimetulia. Nikafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mota tu, bila gurudumu la kushika: kumbe hiyo ndiyo base aliyoisema muuzaji.

“Mkwe, sasa utashika nini?”

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza lori langu la zamani linaondoka lini.