Jumatano Tuliyofungua Macho

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, na tangu hapo kalamu yangu ni ile nyekundu ya fundi, inayokaa nyuma ya sikio. Lakini ukizunguka Goma, kuanzia Majengo kwenye atelye yangu ya useremala mpaka Mapendo na kushuka ziwani, utaketi juu ya kazi yangu bila kujua. Meza za harusi, milango, masanduku ya marehemu, vitanda ambavyo watoto wa watu wamezaliwa juu yake. Wako mafundi wanaotumia misumari kuficha kiungo kibaya. Kiungo changu mimi ukitaka kukitoa, itakubidi uvunje mbao yenyewe. Naanza na hilo kwa sababu bila kulijua hutaelewa jinsi benchi za kanisa letu zilivyonifanya nikose adabu mbele ya Mungu.

Kanisa letu liko Mapendo. Ni dogo, kuta za mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, bati juu. Benchi zake zote nilizitengeneza mimi, za mbao ngumu ya msituni, nikazitoa bure, na nyuma ya kila moja nikachoma alama yangu ya nyundo kwa chuma cha moto. Kitasa cha mlango pia nilikiweka mimi, kwa hiyo ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Waumini walikuwa wakiniita Papa wa Benchi, yaani baba wa benchi, na mimi nilikuwa nikiitika.

Kila Jumatano saa kumi tulikuwa na maombi ya kupokezana. Tunafumba macho, mmoja anaomba kwa sauti, wengine wanaitika Amina, halafu anapokea wa pembeni yake. Sasa niseme siri yetu. Mtu wa kwetu hamwambii mwenzake neno baya usoni, hasa kanisani. Ni aibu. Lakini macho yakishafumbwa, neno lile lile linapanda kwa Mungu kwanza, halafu linarudi chini na kumpata mwenyewe pale alipoketi. Kwa mfano, mama kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, anazozichukua soko la Kituku asubuhi, aliwahi kuomba hivi:

"Bwana, uguse ndugu yetu mwenye sauti ya bati yenye kung'olewa na upepo. Umupe kipawa kingine, Baba, hata cha kufagia."

Amina! Tuliitika wote, hata mwenye sauti mwenyewe. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Tuliendelea kumwombea.

Ndivyo tulivyokuwa vita ilipoteremka tena kutoka milimani. Watu walikuja kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, bibi mzee juu ya chukudu, ile toroli ya mbao ya magurudumu mawili, kama gunia la viazi. Wengi walikwenda kwenye kambi. Wachache walisimama kwenye kiwanja cha kanisa letu, wakafunga shitingi zao za plastiki kwenye ukuta wetu wa nje, wakalala juu ya mawe. Na mawe yetu ya Goma unayajua, hayana upande laini. Ilikuwa msimu wa mvua.

Shemasi mwenzangu alitaka tuwafungulie kanisa walale ndani. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, mwembamba, Kifaransa chake kimenyooka kama rula, na kusema kweli nilimwonea wivu kwa Kifaransa hicho. Mimi sikutaka. Hatukuwahi kuketi wawili tukaambiana kwa nini. Tulingoja Jumatano.

Jumatano ya kwanza mwalimu aliomba: "Bwana, wewe mwenyewe ulizaliwa kwenye zizi juu ya vile watu walifunga mulango. Bila shaka hata siku ile kulikuwa na mutu mwenye ufunguo mfukoni."

Amina, wakasema watu. Zamu yangu ilipofika nikasafisha koo.

"Baba, wewe ulishika kamba ukafukuza wale wenye kuchafua hekalu. Ulinde nyumba yako. Na wale wenye kusema Kifaransa kingi, uwape na mikono ya kufanya kazi."

Amina. Mchungaji wetu, kijana ambaye bati juu ya kichwa chake nililipigilia mimi, aliitika Amina kwa wote wawili, kisha akasema: "Tuzidi kuomba juu ya jambo hili." Na tulizidi. Jumatano ya pili, ya tatu. Mwalimu alinipiga kwa Msamaria, mimi nikamjibu kwa Sulemani. Nilirudi nyumbani nikijisikia mshindi.

Wakimbizi wenyewe walikuwa wakihudhuria maombi hayo, maana mlango wa maombi haufungiwi mtu. Waliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Nilidhani ni imani kubwa. Imani ilikuwepo, lakini na bati lilikuwepo pia. Saa moja chini ya bati ni saa moja. Halafu tulisema neema, wao wakatoka kwenye mvua, na mimi nikazungusha ufunguo nyuma yao.

Kati yao alikuwepo mama mmoja wa upande wa Masisi, bado kijana, uso mrefu, mwenye mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi mgongoni. Mtoto alikuwa akikohoa. Jumatano ya kwanza alikohoa kidogo. Ya tatu, kikohozi kilikuwa kikizidi sauti ya anayeomba.

Jumatano ya nne mvua ilipiga bati mpaka ikabidi tuombe kwa kupaza sauti. Nilikuwa nimeandaa Nuhu na safina, jinsi Mungu mwenyewe alivyofunga mlango. Lilikuwa ombi zuri sana. Lakini kabla ya zamu yangu ikaja zamu ya yule mama, na yeye hakuomba.

"Mufungue macho," alisema.

Tukabaki tumefumba. Tulidhani anatafuta maneno.

"Mufungue macho, nina neno. Si kwa Mungu. Ni kwenu."

Tukafungua. Watu wakatazamana kama waliokutwa wamesinzia. Mama alikuwa amesimama, mtoto amemhamishia mbele, kifuani.

"Ni juma ya nne sasa munasema na Mungu juu yetu," alisema. "Mungu amesikia, si kiziwi. Lakini sisi tuko hapa, mita mbili, na hakuna hata mumoja amesema na sisi. Mutoto wangu ana joto tangu jana. Papa wa Benchi, ni wewe uko na ufunguo. Unikatalie usoni, basi, nijue. Unaogopa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kanisani. Nikasimama. Nikaanza kama kawaida yangu.

"Mama, benchi hizi nilizitengeneza kwa mikono hii. Mbao yake haipatikani tena. Kila kiungo..."

"Ni benchi nzuri, Papa," alisema. "Nimeketi juu yake. Nimeuliza unaogopa nini."

"Watazichoma," nikasema.

"Nani alikuambia?"

Mvua ikaendelea. Mtoto akakohoa. Mwalimu alinitazama, na nilijua ana jibu tayari, la Kifaransa na la Kiswahili.  Na mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu macho yangu yalikuwa wazi na ya yule mama pia, nikasema jambo ambalo hata mke wangu halijui.

Nilikuwa nimewaambia watu wote, na nimeshuhudia mara nyingi mbele ya kusanyiko, kwamba niliingia Goma na msumeno begani na Mungu peke yake. Uongo. Niliingia na mama yangu, tukikimbia, katika vita ya kwanza niliyoijua. Sikuwa hata na kisu. Tulilala kanisani, si hili, jingine, kati ya familia nyingi. Siku moja mama alipata maharagi, na kuni zote za mji zilikuwa zimelowa. Mama alikuwa hajala siku mbili. Nikachukua jiwe, nikavunja benchi ya nyuma, nikaipikia.

"Ni mimi nilijiambia," nikamjibu. "Nilichoma benchi ya kanisa. Najua mukimbizi anafanya nini na mbao kavu."

Ningeweza kuishia hapo, na ingetosha. Lakini ukishatoa mbao ya kwanza kwenye ukuta, ya pili inalegea yenyewe.

"Asubuhi wazee wa kanisa waliuliza ni nani. Nikanyamaza. Alikuwepo papa mmoja na watoto wanne, alikuwa analala karibu na benchi ile. Wakasema ni yeye. Wakamutoa nje na watoto wake wote. Aliapa. Aliniangalia, nafikiri alikuwa anajua. Sikusema kitu. Mpaka leo sijui alienda wapi."

Nikaketi.  Nilingoja mtu afumbe macho na kuanza kuniombea, na nilijua hilo likitokea nitatoka na sitarudi, kama yule mwenye sauti ya bati.

Aliyesema ni mama wa kwaya.

"Na maharagi, Papa. Yaliiva?"

"Yaliiva."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Ilikuwa mbao kavu."

Mtu mmoja akacheka puani, halafu mwingine, halafu kanisa zima. Yule mama wa Masisi alicheka huku akimpapasa mtoto mgongoni. Kicheko kilipopungua, mwalimu akasimama. Alinigeukia mimi, si madhabahu.

"Muzee, na mimi niseme yangu. Nilitaka wakimbizi waingie, ni kweli. Lakini zaidi nilitaka wewe uaibike. Kama ungenipa ufunguo siku ya kwanza, ningesikitika. Nilikuwa nakupiga na Bibilia."

"Nilisikia," nikasema. "Ulipiga vizuri."

Mchungaji naye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba aliogopa kunikosea kwa sababu ya bati. Nikamwambia bati ni la Mungu. Sikuwa nimewahi kusema hivyo kabla.

Baada ya hapo hatukuomba kwa muda mrefu. Tulizungumza. Nilimwuliza yule mama wanahitaji nini, na jibu lilikuwa fupi: mahali pakavu na moto wa kupikia. Kumbe ni vitu viwili tu, na kwa wiki nne hatukuwa tumeuliza. Ufunguo niliutoa mfukoni, nikampa mkononi. Mama wa kwaya alimpeleka yeye na mtoto kwenye kituo cha afya mvua ilipopungua, na mwalimu akabeba mwavuli. Siku ya tano kikohozi kilikuwa kimetulia, mtoto akaanza kuvuta nywele za kila mtu aliyemshika.

Moto ulikuwa jukumu langu. Atelye yangu inatoa unga wa mbao mwingi mpaka tunaumwaga. Chukua kopo kubwa la maziwa lililoisha, toboa pembeni chini, simamisha chupa katikati, jaza unga wa mbao na uushindilie kwa nguvu, halafu toa chupa taratibu. Ukiwasha, linawaka nusu siku bila kuni hata moja. Watu wengine watakuambia walianza wao. Mimi nakuambia Mapendo nzima walijifunza kwangu. Asubuhi chukudu ilishuka kutoka Majengo na magunia mawili ya unga, na wanawake wakawa wanapikia nje, chini ya bati la pembeni nililoliongeza. Kila Jumamosi jioni benchi zilipangwa kwa ibada, Jumapili mchana zikapangwa tena ukutani ili watu wapate pa kulala.

Miezi ilipita hivyo. Halafu siku moja mchana, nikiwa kwenye randa ya umeme, nikamwona yule mama amesimama mlangoni pa atelye. Alikuwa ametembea kutoka Mapendo.

"Papa, ni mimi," alisema. "Jana unga wa mbao ulilowa. Nilichoma muguu wa benchi, ya tatu kutoka mbele. Nimekuja nikuambie kabla watu hawajauliza."

Nilizima mashine.  Nilijua vizuri ugumu wa kulisema neno hilo, maana mimi lilinishinda nikiwa na umri kama wake, na mtu mwingine na watoto wake wanne wakalilipia.

"Mutoto alikula?" nikamwuliza.

"Alikula."

"Basi leo sitafunga atelye bila kutengeneza muguu mwingine."

Niliutengeneza siku ile ile, nikaupeleka mwenyewe. Mbao ya rangi ile sikuipata tena, kwa hiyo mguu mmoja ni mweupe na mitatu ni myekundu. Vita haijaisha, na yule mama hajarudi kwao, lakini sasa ni yeye anayeanzisha Jumatano zetu. Kabla ya kufumba macho anauliza: "Iko mutu mwenye neno kwa mwenzake?" Mara nyingi liko. Mwenye sauti ya bati alirudi, baada ya mama wa kwaya kwenda kwake na sambaza na kumwambia ukweli wote usoni. Sasa anapiga ngoma, na anapiga vizuri.

Jumapili ya kwanza baada ya kuweka mguu ule, mwalimu aliketi kwenye benchi ya tatu. Akaegemea kulia, akaegemea kushoto. Benchi ikagonga sakafu, ko, ko. Alinigeukia kusanyiko likisikia.

"Papa wa Benchi, muguu wako ni mufupi."

Miaka thelathini ninafanya kazi hii na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niliinama, nikapitisha kidole chini. Kidole kikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Nilipima vibaya."