Vigelegele vya Mimba Isiyokuwepo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kwenye kovu lililo chini ya tumbo langu, upande wa kulia. Nilikuwa bi harusi wa juzijuzi. Nilikulia mjini, Lemara, karibu na bomba la maji na duka la mikate, kisha nikaolewa huku juu mlimani kwa Wameru. Mume wangu Anaeli alikuwa fundi wa magari kulekule mjini, Daraja Mbili. Harusi ilipoisha akarudi kazini, akaniacha kwa mama yake nizoee nyumba. Nami nilitaka kuizoea haraka. Nilikata majani ya ng'ombe, nikachota maji mferejini, nikajifunza kupika loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa ya mgando, ili mtu asije akasema Anaeli kaoa mwanamke wa mjini asiyeweza kazi.

Siku hiyo niliamka na maumivu kuzunguka kitovu. Hayakuwa makali, ila yalikataa kuondoka. Uji ulinichukiza hata harufu yake. Nikiwa nafagia zizi nikatapika. Wifi yangu Ndeshi, aliyekuwa akikamua hapo karibu, aliweka chombo cha maziwa chini akapiga kigelegele kilichofika hadi kwa majirani.

"Haya jamani! Mwenzetu ameshaanza!"

Wanawake wakaja. Huyu akanishika bega, yule akabashiri kuwa ni wa kiume. Usinicheke, mwanangu, nami niliamini. Nani asingependa kuamini? Nilikaa kwenye kigoda nikitabasamu huku tumbo linauma, nikidhani labda mimba zote huanza hivyo.

Mchana maumivu yakahama. Yaliacha kitovu, yakashuka kulia karibu na nyonga, yakaganda hapo. Mwili ukapata joto. Nililala nimeukunja mguu wa kulia, maana kuunyoosha sikuweza. Jirani mmoja, mama mwema sana, akaniletea kikombe cha dawa ya mizizi ya kutuliza mimba changa, akabandika samli jikoni ipate moto anikande tumbo.

Ndipo mama mkwe wangu akaingia, ametoka sokoni Tengeru. Ndeshi alimkimbilia na habari njema, na nilimwona yule mama uso ukimng'aa. Kisha akanitazama nilivyolala. Ule mng'ao ukazimika.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikijaribu kuinuka.

"Marahaba. Tulia hapohapo. Panauma wapi? Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Nikamwonyesha.

"Hebu kohoa kidogo."

Nilikohoa, machozi yakanitoka. Akauchukua ule mkono wangu akaushika kwa viganja vyake vyote viwili.

"Asanteni, mama zangu," akawaambia wale wanawake, kwa heshima kabisa. "Lakini huyu hanywi kitu wala hakandwi. Huyu anakwenda hospitali."

"Mama, nitapumzika tu," nikasema. "Jioni nitakuwa mzima. Majani ya ng'ombe bado sijakata."

"Nani amekuuliza habari za ng'ombe?" Sauti yake ilikuwa kali, mara ya kwanza na ya mwisho kwangu. "Nilikuchukua kwa mama yako uwe mtoto hapa. Mtoto akiumwa husema."

Jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea ndizi akatandika godoro nyuma. Kila shimo la ile barabara nililisikia tumboni. Mama alinipakata kichwa, akiniimbia polepole nyimbo za kanisani. Tulipokaribia mjini, ghafla maumivu yakapungua, karibu yaishe. Nikafurahi.

"Mama, yamepoa. Turudi nyumbani."

Alimgongea dereva kioo. "Ongeza mwendo!"

Hospitali, daktari alinibonyeza upande wa kulia taratibu, kisha akaachia mkono ghafla. Kule kuachia kuliuma kuliko kubonyeza. Wakapima damu na mkojo. Daktari akasema hakuna mimba. Ni kidole tumbo, kile kijiutumbo kidogo mwanzoni mwa utumbo mpana. Kimevimba, na huenda kimeshapasuka, ndiyo maana maumivu yalipoa. Nikapasuliwa jioni ileile. Kweli kilikuwa kimepasuka, usaha umeanza kumwagika. Wakanisafisha tumbo, wakanitia dawa kwa mshipa.

Nilipozinduka, jambo la kwanza lililonijia ni aibu.

"Nisamehe, mama. Hakukuwa na mtoto."

Alikuwa akiniloweshea midomo kwa pamba. Akaiweka pamba chini. "Ndeshi alikuwa na dada," akasema. "Naye alianza kitovuni, akashuka kulia. Tulimkanda, tukamnywesha dawa ya kufungua choo. Yalipopoa tukamshukuru Mungu, tukalala. Mwanangu yule sikumpata tena. Wewe nimekupata. Unaniomba msamaha wa nini?"

Tulilia wote wawili, na kulia kwenyewe kukanivuta nyuzi za kidonda, hata akaanza kucheka na kunikataza kulia. Baadaye nilizaa watoto wanne, na wote aliwaogesha yeye.

Basi nisikilize, mwanangu. Tumbo likianza kuuma kitovuni, likahamia chini kulia, ukakosa hamu ya kula, ukatapika, homa ikapanda, ukashindwa kutembea wima au kukohoa, usingoje kesho. Usinywe dawa ya kufungua choo, usikubali kukandwa, usile kitu hadi daktari akuone. Yakipoa ghafla, ndiyo uende mbio zaidi. Na si kila mtu humuuma vilevile: mtoto mdogo, mzee na mjamzito huweza kuumwa kwa namna nyingine, nao usiwabahatishe. Leo mna simu na magari hadi huku juu, mwite mtu. Zaidi ya yote, sema. Hata kama nyumba nzima imeshafurahia jambo jingine, sema panapouma.

Mungu akulinde mwilini, mwanangu. Akupe nyumba ambayo hutaogopa kusema unaumwa, na siku ukiwa mama mkwe wa mtu, akupe macho ya kumwona.