Maji ya Sponji Kule Busale

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Maji alinikabidhi spana na chupa ya klorini akasema, "Maji yakionekana safi, usiyaamini. Pima." Nilikuwa kijana, nikaona mzee ananichosha. Basi nimepima Kasumulu, nimepima Njisi, magoti yakanichokea Busale, hukohuko Kyela, nilikopangiwa nikisubiri kustaafu.

Huko nilikuta mradi wa majaribio. Mtafiti Mkuu alileta vipande vya jeli nyeusi, vinene kama mkate, sisi tukaviita sponji. Jeli hiyo ikiwa ya baridi hufyonza maji na kuacha uchafu nje. Ikipata joto la jua hunywea na kuyatema yakiwa safi. Asubuhi unailoweka kwenye maji ya kisima, unaisuuza, mchana unaianika juu ya bati. Kwenye maabara yao, alisema, maji kama hayo huingizwa kwenye mtambo wa umeme wa jua unaoyatenganisha kupata hidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Sisi tulitaka ya kunywa tu. Kila nyumba ilinitajia lita ilizopata, nami nikaziandika kwenye daftari la mradi na kumtumia.

Wakati wa kiangazi jeli ilifanya kazi vizuri, nasema kweli. Masika yakaingia, na mvua ya Kyela mnaijua. Jeli imejaa maji, jua hakuna, haitemi hata tone. Nikampigia simu Mtafiti Mkuu.

"Mzee, daftari linasoma sifuri wiki ya pili," akasema. "Wafadhili wanakuja. Jitahidi."

Siku chache baadaye lita zikaanza kupanda zenyewe. Nikaenda kuangalia, nikamkuta Bibi Tupokigwe, mkulima wa mpunga aliyekabidhiwa sponji mbili, anazikamua kwa mikono kama nguo iliyofuliwa.

"Jua limekataa, Tata," akaniambia, yaani baba kwa Kinyakyusa. "Nimelisaidia."

Alicheka, nami nikacheka. Nilijua kabisa kwamba ukiikamua jeli bila joto inachanika, na uchafu wa nje unaingia ndooni na vijidudu vyake. Kipimo kilikuwa mfukoni. Sikupima. Nilikuwa nimechoka, nimebakiza miezi mitatu, nikaandika lita.

Wiki ileile mjukuu wake alianza kuharisha na kutapika. Nilimpakia kwenye pikipiki ya mradi, bibi nyuma amemshikilia, tukapita kwenye matope mpaka hospitali. Alitundikiwa dripu siku nne. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama, nikatoka nje nikalia. Alipona. Nikazunguka nyumba zote kuwaambia watu wasikamue tena, wachemshe maji, na sababu nikaisingizia mvua.

Vijana wa idara ya maji mnaonisikiliza, vifaa vipya vitakuja, na vingine vitakuwa bora kuliko ile jeli. Msivikatae. Uchovu nao utakuja, na huo ndio wa kuogopa, maana haukuombi useme uongo. Unakuomba unyamaze tu.

Bibi Tupokigwe kila mavuno huniletea mchele. "Ndaga fijo, Tata," hushukuru kwa mikono miwili. "Bila wewe mtoto angekufa."

Napokea. Mke wangu anaupika, unanukia nyumba nzima, nami nasema sina njaa. Ninyi nimewaambia. Yeye bado.