Jumamosi Tulipopelekwa Maporomoko

Harufu ya udongo mwekundu uliolowa mvua, ikichanganyika na ya mibuni, hadi leo hunirudisha utotoni. Nikiinusa nikiwa njiani, husimama kwanza nisikilize kama kuna jiwe linaloviringika huko juu. Wenzangu hunicheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa tulipotoka Jinja kwenda Mbale kumwoza senga yangu Zaina, dada mdogo wa baba. Kwao bwana harusi ni Namakwekwe, mtaa wa Mbale, na wiki ile nyumba yao ilijaa masufuria, mikeka na watu wasio na la kufanya. Ndoa ilifungwa Ijumaa, karamu ilikuwa Jumapili. Jumamosi ndiyo iliyowatatiza wenyeji. Mgeni siku mbili, wahenga walisema, ya tatu mpe jembe. Wao waliona haya kutupa jembe, wakatupa mlima. Kuna waliotaka kupanda Wanale, kuna waliotaka kuzunguka sokoni. Mwishowe ikaamuliwa twende tukaone maporomoko ya Sipi. Baba na wanaume wengine walibaki kuchinja.

Aliyetuongoza alikuwa jirani yao, Afande Okello, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, mtu mrefu mwenye sauti iliyozoea gwaride. Alikuwa mkarimu; mimi alininunulia muwa. Lakini bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Jaja, hakumtazama usoni. Alikaa kiti cha nyuma kabisa cha gari, amekusanya magotini gomesi yake, vazi refu la harusi, na kila Afande alipomsalimu alijibu kwa Kisoga, lugha ya kwetu. Nilishangaa, maana dukani kwetu Jinja alizungumza Kiswahili kutwa nzima.

Tulishuka kwa njia nyembamba kati ya migomba, halafu kwa ngazi ya miti iliyolia kila ilipokanyagwa. Mama wakubwa walivua viatu, wakashikana mikono, wakacheka. Kabla hatujayafikia maji mvua ikatukuta, nzito, na ukungu ukafunika bonde hata nisione nilikotoka. Tukakimbilia chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Hapo ndipo nilipolisikia jiwe la kwanza likija kutoka juu, likafuatwa na mengine.

"Kaa chini!" Afande akapaza sauti. "Wote kaa chini! Hapana kimbia!"

Wote wakakaa pale pale kwenye matope, pamoja na gomesi zao. Jaja peke yake hakukaa. Alinikamata mkono, akanivuta nje ya mwamba, kurudi kwenye njia ile mawe yalikokuwa yakianguka. Upande wa pili wa njia hapakuwa na kitu, ukungu tu, na chini yake ngurumo ya maji. Kandambili yangu iliteleza ikapotelea humo. Nilimwita Jaja, nikalia, hakunisikia. Alikuwa akirudi kinyumenyume, na macho yake hayakuutazama mlima. Yalimtazama Afande.

Afande alipiga hatua moja kutufuata. Jaja akarudi nyuma hatua nyingine, kisigino changu kikagusa ukingo.

Yule mzee akasimama. Alimtazama Jaja kitambo, kisha akavua kofia na kukaa chini kwenye matope, mikono yake wazi juu ya magoti.

"Mama," alisema, sauti imeshuka hata karibu imezwe na maji, "mimi nakaa. Wewe simama tu, hakuna mtu atakulazimisha. Lakini simama huku, na mtoto."

Sijui tulisimama pale muda gani. Ninachokumbuka ni vidole vya Jaja vikinivuta, polepole, kurudi chini ya mwamba. Tulipofika tu, bonge la udongo likamomonyoka, likaifuta njia pale tulipokuwa, likaondoka na mgomba mzima. Jaja alisimama, mgongo mwambani, mpaka mvua ilipokatika. Afande hakuinuka hata mara moja.

Niliamini miaka mingi kwamba Jaja alichanganyikiwa kwa sababu ya mlima. Alipofariki, Senga Zaina alinieleza, tukiwa jikoni kwake tunaosha vyombo vya matanga. Enzi za utawala wa jeshi, wanajeshi kutoka kaskazini waliingia dukani Jinja wakaamuru, kwa Kiswahili kama cha Afande, kila mtu akae chini na kuinamisha kichwa. Jaja alikaa, Senga akiwa bado tumboni mwake. Alisikia viatu, akasikia mlango wa gari. Aliporuhusiwa kuinua kichwa, mumewe hakuwepo, na hata kaburi lake hatukuonyeshwa.

"Mama alisema kosa lake lilikuwa kukaa," Senga aliniambia.

Siku ile pale Sipi nilidhani sote tunaogopa kitu kimoja. Afande naye hakuijua habari ya duka letu, hakuna aliyemwambia. Aliona tu kwamba mwanamke yule alimwogopa yeye kuliko mlima, akakubali kuogopwa, bila kukasirika.