Kima Walionyamaza

Nilipokuwa msichana, wakati wa Mwingereza, shamba letu la mahindi lilipakana na msitu kule Kisarawe. Mama alilinda akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, na wanawake majirani nao walikuwa juu ya madungu yao. Kima dume alipolia msituni kuita kundi lake, dungu la kwanza lilipiga kelele, la pili likadaka, la tatu likamalizia, na kima wakarudi walikotoka. Mahindi yale ndiyo yaliyotuepusha na mashamba ya mkonge ya Ruvu, walikokwenda watu wa kwetu waliokosa chakula.

Kisha msitu ukaanza kukatwa kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam. Kima wakabanwa, wakazidi kuja. Baba akachukua gobore. Alipiga akifuata sauti, kwa hiyo kila kima aliyeanguka alikuwa mpiga kelele.

"Baba watoto, huyo anayelia muache," mama alimwambia. "Ndiye anayetuambia wako wapi."

"Debe tupu haliachi kuvuma," baba akajibu akicheka.

Nilimpenda baba, lakini kwa hilo sijamsamehe. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hiyo alitufundisha yeye mwenyewe. Baada ya misimu michache hakusikika tena kima anayelia. Waliobaki walikuwa wale wanyamavu, na watoto wao wakakulia humo humo kwenye ukimya. Tulijua wamekuja tulipokuta magunzi.

Majirani walishindwa mmoja mmoja, wakahama. Dungu la pili likaanguka, la tatu likaliwa na mchwa.

Mwaka wa mwisho nilimpelekea mama uji asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Kima walikuwa wamejaa shambani wakimenya mahindi, mpaka chini ya dungu lake. Yeye alikuwa macho, kombeo mapajani, anawatazama.

"Mama, mbona hupigi kelele?"

"Nimpigie nani, mwanangu?"

Nikapiga mimi, kwa nguvu zangu zote. Kima mmoja aliinua kichwa, akaniangalia, akaendelea kutafuna.

Wiki ile tulikunja mikeka tukaenda kwenye mkonge. Njia nzima mama hakusema neno, na sisi watoto tukamfuata vivyo hivyo.